Jiwe Nililolisogeza Unyayo Mmoja

Zaina wangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa Mama Esta, lakini kinywa ni changu. Amekuja na kalamu yake ya biki na miwani yake, ameketi kwenye kile kiti chako kifupi, analalamika mgongo. Nimemwambia aandike kila ninachosema. Amejibu kwamba alifundisha watoto wa watu miaka mingi, hawezi kuandika maneno yenye matope, kwa hiyo ataosha kidogo. Sawa, aoshe. Fasi, au mahali kama anavyosema yeye, utakapoona maneno safi sana, ujue ni yake.

Wewe umekwenda kuaga shangazi zako ng'ambo ya mto, na mimi nataka nimalize kabla hujarudi. Kesho asubuhi moto, ile pikipiki ya abiria, inakuja kukuchukua uende Salamabila, ukapike chakula cha wachimbaji pamoja na rafiki yako. Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume. Nimekulea tangu mama yako alipotuacha, ukiwa na meno mawili tu. Kama hayo hayajakuingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza.

Ninacho kitu kimoja. Nilitaka kuzunguka kwanza, nikukumbushe hiki na kile, lakini najijua. Nikizunguka nitapotelea njiani. Basi sikia: zile karanga za wamama wa ushirika hukuziharibu wewe. Niliziharibu mimi.

Mama Esta ameacha kuandika. Ananiangalia juu ya miwani.

"Aziza, unasema nini?"

"Andika. Utashangaa baadaye."

"Karanga zangu zilikuwamo."

"Najua zilikuwamo. Andika."

Ameandika. Sasa naweza kurudi nyuma nikueleze, maana jambo hili halikuanza mwaka jana. Lilianza kabla mama yako hajazaliwa.

Babu yako alikuwa na wake wawili, mimi na Feza. Alitugawia huu mteremko wote, kuanzia kilimani mpaka kijitoni, akaukata katikati. Upande huu wangu, upande ule wake. Wewe unajua desturi yetu, hatuweki waya wala ukuta. Tunapanda ile miti mifupi ya majani mekundu, ile isiyokufa hata jua likiwaka miezi, na ukishaipanda mpaka umekwisha, hakuna wa kuugusa. Mtoto akichuma jani lake anapigwa. Babu yako aliipanda mwenyewe, Feza akishika miche na mimi nikimwaga maji.

Mimi niliigusa, Zaina. Nilikuwa ninangoja mvua za kwanza, udongo ukiwa laini, saa ya jua kali watu wakiwa ndani. Nachimba kwa upana ili mizizi isishtuke. Nanyanyua mti na udongo wake, nauingiza upande wa Feza. Lile shimo la zamani nalijaza udongo wa juu, mweusi, si ule mwekundu wa chini. Nakanyaga kwa miguu mitupu, maana jembe linaacha alama. Majani makavu nayarudisha kama yalivyolala. Siku moja mti mmoja, na kila mti unyayo mmoja tu. Mtu anaona hatua tatu, anaona hatua mbili, lakini unyayo mmoja hauoni. Mvua ikinyesha juu yake hata mimi mwenyewe nilikuwa sioni. Mwaka uliofuata, unyayo mwingine. Nilifanya hivyo miaka mitano.

Usitafute sababu ya kunisaidia. Sikuwa na njaa. Feza alikuwa na kicheko ambacho babu yako alikuwa anakisikiliza akiacha kula. Ni hicho tu.

Mwaka wa tatu alinijia na jembe begani. "Da Aziza, shamba langu liko namna gani? Napanda mistari ileile ya siku zote, na fasi inaniishia."

Nikamwambia, "Labda weye unaachanisha sana."

Akaenda akabananisha. Karanga zikatoka nyembamba. Mwaka wa nne nilimwona anatembea shambani akihesabu mistari kwa kidole, anafika mwisho, anarudi mwanzo, anahesabu tena. Mwaka wa tano alimwambia babu yako, mimi nikiwa napepeta mchele hapo hapo, "Nirudishe kwetu Kasongo. Miye sijui kulima." Alisema polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Akaondoka. Kule Kasongo aliuza maandazi mpaka alipokufa, na jembe hakulishika tena. Nilikwenda kwenye matanga. Mwanamke mmoja akasema Feza alikuwa mtu mzuri, kulima tu ndiko kulikomshinda. Mimi niliinamia sahani yangu, nikala wali. Ulipita kooni vizuri.

Halafu babu yako akafa, wazee waliojua mipaka wakaisha mmoja mmoja, na watu wakaanza kuniita mimi. Kaka na kaka wakigombania shamba, Koko Aziza aje aseme mti ulikuwa wapi. Nilikuwa nasema kweli, Zaina, mipaka ya watu sikuipindua hata mmoja. Nilijua ardhi iliyochimbwa na ardhi isiyochimbwa kuliko mtu yeyote. Hawakuniuliza nimejulia wapi.

Sasa tufike mwaka jana.

Trakta ya proje, ule mradi wa kilimo, ilipokuja kwa shamba la wamama, kule chini kwenye uwanda, wewe ulichaguliwa kuiendesha kwa sababu ulikuwa umemaliza shule na huogopi kelele. Enjenia Paskali akawa anatafuta fasi ya juu isiyo na miti, inayoona mbingu yote. Akaipata kilimani, mwanzo wa shamba langu. Aliniomba kwa heshima, kofia mkononi. "Mama, tunahitaji kafasi kadogo tu, nje ya miti yako." Nikakubali kwa sababu ulikuwa unaniangalia. Mkachimba, mkamwaga simenti kama ukubwa wa chungu cha mboga, mkachomeka musumari kichwani pake. Juu mkasimamisha ile miguu mitatu na kile kitu cheupe kama uyoga. Wewe ulikuwa unatundika timazi lako chini ya uyoga, ile risasi nzito kwenye uzi, mpaka ncha iangukie musumari sawasawa. Ulifurahi siku ile mpaka ukasahau kula.

Mlipoondoka nilikwenda kuangalia. Lile jiwe lilikuwa ndani ya shamba langu, limevuka miti ya mpaka kwa unyayo mmoja.

Nilikuwa nimeona simenti kabla. Nikiwa msichana, watu wenye karatasi walikuja wakamwaga mawe kama hayo kwa majirani zetu, wakiongea vizuri na kofia mkononi vilevile. Msimu uliofuata majirani walikuwa wanalima kwingine. Mtu asiyejua kusoma anashika alama kama hizo, Zaina, na alama hiyo niliishika.

Lakini usinionee huruma hapo, maana wewe ulinieleza. Tulikuwa tunamenya muhogo mimi na wewe. Ulisema, "Koko, kule juu sana kuna vyombo vinazunguka, vinatuma sauti chini. Trakta inazisikia, njo hapo inajua fasi ilipo. Lakini zikifika huku zimekosea kidogo, mara hatua moja, mara mbili. Ile ya kilimani haitembei, inajua fasi yake. Inaambia trakta: leo sauti zimekosea hivi, punguza hivi. Trakta inapita leo, inarudi kesho kutwa, inapita mulemule. Tofauti vidole viwili."

Nikakuuliza, "Na kama jiwe likisogea?"

"Trakta nayo itasogea vilevile, na haitajua."

Ukacheka, ukanirushia ganda la muhogo. "Nani atalisogeza, Koko? Mulinzi wa mipaka yote njo weye, unalala karibu nalo."

Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Ukweli ni kwamba sikuamini. Nilijiambia hayo ni maneno ya watu wa proje, hakuna chombo huko juu kinachojisumbua na unyayo mmoja wa shamba la Aziza. Ningeweza kukuuliza swali la pili. Ningeweza kukuambia, mjukuu wangu, hili jiwe linaniogopesha. Ungemwita Enjenia, mngelihamisha wenyewe kwa vipimo vyenu kabla ya kupanda, na mambo yangeisha. Lakini nilishindwa kusema mbele yako kwamba naogopa jiwe.

Mlipanda kwa mashine. Mistari ilikaa ndani ya kumbukumbu yake, kila mmoja umbali wa nyayo mbili na mwenzake. Halafu wewe na Enjenia mkaenda Kabambare kutafuta chuma kilichokatika, mkakaa siku tatu. Siku ya pili mvua ilinyesha, jua likatoka, udongo ukawa laini. Saa ya watu kuwa ndani nikachukua jembe.

Sikufikiri kwamba nafanya kitu kikubwa. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nilichimba kwa upana, nikalivuta jiwe mpaka likavuka miti, unyayo mmoja, likatoka kwangu. Ile miguu mitatu niliisogeza mmoja mmoja, upande uleule. Timazi lako nilikuwa nimekuona unavyolitumia. Nikalitundika, nikasogeza hapa na pale mpaka ncha ikaangukia musumari. Nilipoona imeanguka sawa nilijisifu, Zaina. Nilisema, kumbe na mimi ningeweza kazi hii. Nikajaza shimo kwa udongo mweusi, nikakanyaga kwa miguu mitupu, nikarudisha majani. Jioni mvua ikanyesha juu yake.

Mliporudi, ulipanda kilimani kuangalia kama kawaida. Nilikuwa natwanga, nikakuona kwa mbali umeinama. Timazi liliangukia musumari, na unyayo mmoja mtu hauoni. Ukashuka ukipiga mluzi.

Siku ya palizi majani yalikuwa yamezidi. Mvua zile zilikuza magugu mpaka karanga zikapotea chini yake, mtu akisimama haoni mstari hata mmoja. Ndiyo sababu mlikuwa mnaisifu mashine, kwamba ina kumbukumbu, itapita katikati ya mistari hata kama jicho la mtu halioni kitu. Ikapita. Lakini jiwe lilikuwa limehama unyayo mmoja, na kati ya mistari kulikuwa na nyayo mbili. Basi majembe yake yalipita juu ya vichwa vya karanga, yakaacha magugu ya katikati. Ulipozima ukashuka, ulikuwa umekwishamaliza kutoka kwa michikichi mpaka karibu na mto. Na mimi nilishuka nikaangalia. Magugu yalikuwa yamesimama mistari mizuri, imenyooka kama nywele zilizosukwa. Karanga zilikuwa zimelala chini, mizizi juu.

Nitakuambia na lako, ili usidhani nakubembeleza. Ungeshuka kuangalia mwisho wa mstari wa kwanza, si mwisho wa shamba. Hilo ni lako. Ni dogo, lichukue, litakusaidia. Lililobaki lote uniachie, maana si lako.

Ule mkutano unaukumbuka, lakini hukuuona kutoka nilipokuwa nimeketi. Mama Salima, mkubwa wa ushirika, alisimama na mche mmoja mkononi. "Mutoto wa shule ametupalilia karanga, magugu ametuachia." Watu wakacheka kile kicheko cha mtu aliyepoteza chakula. Enjenia Paskali aliangalia kioo cha mashine muda mrefu, halafu akasema kwa huzuni kwamba mashine ilifuata mistari yake vizuri, haikutoka hata kidole, kwa hiyo kosa ni la mtu.

Wewe ukasema, "Timazi liliangukia musumari kila asubuhi. Niliangalia."

Mama Salima akasema, "Basi karanga zimejikata zenyewe."

Hapo ukageuka. Katika watu wote wale ulinitafuta mimi. "Koko, weye unalala karibu na jiwe. Uliona mutu pale?"

Nikajibu, "Sikuona mutu."

Ulikubali. Ulikubali mara moja, kwa sababu mimi ndimi ninayeulizwa mipaka, na nikishasema watu hukunja mikeka wakaenda zao. Nilikuona ukiangalia chini, na tangu pale mabega yako hayakunyanyuka tena.

Wakakupa jina, Mama Magugu. Ulirudisha kofia ya proje. Wiki za kwanza ulikuwa unasema, "Sijui nilikosea wapi." Siku moja, ukiwa unaosha majani ya sombe, ukasema, "Nilikosea." Nilisikia maneno yalipobadilika. Nikakupakulia kipande kizuri cha samaki, nikakuambia itapita. Hivyo ndivyo nilivyokulipa.

Mama Esta ameweka biki chini tena. Ametoka nje. Nimemsikia akizunguka nyumba, akakohoa, akarudi.

"Aziza, mupaka wangu na shemeji yangu. Ule uliousimamia weye."

"Uko sawa. Sikuugusa."

"Nitaupima."

"Upime."

"Nitaupima kesho, na kamba."

Hataniomba msamaha kwa kusema hivyo, na hana sababu ya kuniomba. Tumefahamiana tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji, mimi wa msikiti na yeye wa kanisa, na leo mara ya kwanza ameniangalia kama mtu aliyemkuta ndani ya ghala lake. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Nilikuwa najiambia nanyamaza ili proje isikasirike ikaondoka na trakta, wamama wasiumie mara ya pili. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu miti ya mipaka ya watu kutoka hapa mpaka Wamaza imesimama juu ya neno langu, na nikifungua kinywa, kila mtu atachukua kamba akapime. Nilikuweka wewe kwenye mizani upande mmoja, na jina langu upande wa pili, nikachagua jina.

Ningekaa kimya mpaka kaburini, nakuambia kweli. Wiki iliyopita ndiyo iliyonivunja. Enjenia alikuja kukutafuta. Ulidhani niko kwa jirani, kumbe nilikuwa nyuma ya jiko, nimeshika kuni. Alisema proje inataka mtu mmoja akasomee Kasongo, ajifunze ile ya kilimani na kioo cha trakta, awe ndiye anayeshika kazi yote huku. Alisema bado anakufikiria wewe, maana hajaona mwingine anayeangalia timazi kila asubuhi bila kuambiwa.

Ukamjibu, "Tafuteni mwingine. Miye naangalia kitu mara tatu na bado sikioni. Sina macho ya kazi hiyo."

Alisema atangoja jibu lako mpaka siku ya soko. Wewe jioni ile ukaniambia habari za Salamabila.

Zaina, si sauti yako niliyoisikia nyuma ya jiko. Nilimsikia Feza. Maneno yalikuwa mengine, lakini namna ya kuyasema ilikuwa ileile, polepole, kama anataja ugonjwa. Mara ya pili katika maisha yangu nilikuwa nimemfanya mtu mwenye mikono mizuri aichukie mikono yake. Na mara hii si mke mwenzangu. Ni wewe.

Na kuna jambo nililiona usiku huohuo, sikulala. Ule unyayo mmoja niliokuwa naulinda, ule ambao jiwe lilikuwa limeuvuka, haukuwa wangu. Ulikuwa wa Feza. Miti niliyosimama kwayo nikisema jiwe limeingia kwangu ni ileile niliyoihamisha kwa mikono hii. Enjenia wa watu hakuwa amenigusa hata kidogo. Nimekuponza wewe, nimekata chakula cha wamama wote wale, kwa ardhi ya wizi.

Sina ushauri mkubwa. Wenye ushauri ni watu walioishi vizuri. Ninachoweza kukuambia ni hiki, maana nimekilipia: usitikise kichwa kama hujaelewa. Mimi nilitikisa tu kichwa tukimenya muhogo, yakafuata hayo yote. Na siku nyingine watu wote wakikuambia umekosea, na wewe ulikuwa umeangalia, uangalie mara nyingine kabla hujawaamini. Hata mmoja wao akiwa ni mimi. Hasa akiwa ni mimi.

Sasa kuhusu kesho. Nimemwambia Mama Salima awaite wamama kilimani asubuhi, jua likitoka tu. Ameuliza kuna nini, nikasema kuna neno la mpaka. Anadhani nitaamua ugomvi wa mtu. Enjenia naye nimemtumia habari, atapita. Nitachimba mbele yao pale jiwe lilipokuwa kwanza. Watu wetu wakiona udongo mweusi umeshuka chini mpaka kwenye mwekundu hawahitaji maelezo, na nilipolivuta lilimeguka pembe, kile kipande nilikifukia mulemule. Kitakuwapo. Halafu nitatembea kwenye miti yangu mpaka kijitoni, niwaonyeshe mstari wa Feza ulikuwa wapi. Watoto wake wako Kasongo, Mama Esta atawaandikia karatasi ya pili. Amesema ataiandika, lakini si leo, leo mkono umechoka. Nadhani si mkono.

Wamama watasema watakayosema. Mama Salima ana kinywa, na mara hii ana haki nacho. Mbegu za msimu ujao zitatoka kwenye ghala langu, na mgongo wangu utapinda kwenye mistari yao mpaka waseme basi. Usije ukanitetea.

Barua hii nitaifunga ndani ya kitambaa chako cha kichwa, kile cha njano, utaikuta ukivaa. Ukiisoma, mimi nitakuwa nimekwishapanda kilimani. Timazi lako ulikuwa umelitundika nyuma ya mlango, na kwenye mzigo hukulitia. Usilitafute. Ninalo.

Moto ya Salamabila inapita barabara ya chini, unaijua, kutoka pale kilima chote kinaonekana. Sikukatazi kwenda. Kupika kule si dhambi, na wewe unapika kuliko mama yako, Mungu amrehemu. Ukienda, nenda kwa sababu unataka, na uchukue lile sufuria langu kubwa. Lakini usiende kwa sababu huna macho. Ukitaka kusimama, mwambie mwenye moto asimame. Usipotaka, mwambie aongeze mwendo, wala usinipungie mkono kwa huruma, sitajibu. Nitasema mbele ya watu ukiwepo au usipokuwepo. Siku ya soko bado siku mbili.

Ukiangalia juu utaniona. Nitakuwa nimesimama pale lilipokuwa jiwe mlilomwaga wewe na Enjenia, upande huu wa miti, nimeshika uzi wako, na risasi imening'inia juu ya shimo tupu. Timazi liliangukia musumari kila asubuhi kama ulivyosema. Uliangalia, mutoto wangu. Uliangalia vizuri siku zote.

Mama Esta amenipaka masizi ya chungu kwenye kidole gumba. Hiyo alama iliyo chini ni mimi.

Koko wako,
Aziza